Maswali yenu: Kadi ya kazi imepita tarehe, je na TPS imeisha?

SWALI: Salaam aleikum mjomba. Mimi niko Shela hapa Malindi na watoto wangu wawili. Mume wangu ni Msudani, tulijuana akifanya kazi kwenye hoteli moja hapa kabla hajaenda Marekani mwaka 2022, sasa yuko Iowa na ana ile TPS, hifadhi ya muda ya huko, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala la mizigo. Kadi yake ya kazi imeandikwa mwisho 19 Aprili 2025. Alituma fomu mwezi wa tatu mwaka jana lakini kadi mpya haijaja mpaka leo, na wiki mbili zilizopita ameletwa meneja mpya akamwambia akae nyumbani mpaka alete kadi. Sasa kuna jamaa hapa mjini anasema ana mtu wake ubalozini, anataka elfu arobaini na tano asukume faili. Pesa sina ila nina bangili zangu za harusi naweza kuziweka rehani. Mume mwenyewe ashakata tamaa anasema bora aje Idi hii akae na sisi halafu arudi. Nifanyeje? Nimekutumia picha za makaratasi yake.
— Mama wa wawili, Shela

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza hizo bangili zirudishe kabatini. Huyo jamaa hana faili ya kusukuma, TPS haipiti ubalozini, inashughulikiwa na idara ya uhamiaji kule kule Marekani, ile USCIS, na yeyote anayekwambia ana mtu wake ndani, awe Malindi awe Nairobi awe huko huko Iowa, anataka pesa yako tu. Wa kumshauri mumeo na kumjazia fomu ni wakili wa uhamiaji mwenye leseni, au mtu wa shirika aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, na mashirika mengine ya aina hiyo hulipisha kidogo au hayalipishi kabisa.

Sasa tuje kwenye kadi, manake hapa ndo wengi wanapotea, na imeniuma kuona mtu kakaa nyumbani na karatasi ya kumrudisha kazini anayo mwenyewe. TPS na kadi ya kazi ni vitu viwili. TPS ni hifadhi ya muda, inakwenda na nchi, serikali ya Marekani ikiona Sudan ina vita watu hawawezi kurudishwa basi Wasudani ambao walishakuwa kule kufikia tarehe iliyowekwa wanaruhusiwa kukaa, na fomu yake ni I-821. Kadi ni ya kumuonyesha mwajiri kwamba huyu anaruhusiwa kazi, hio fomu yake ni I-765. Kila moja ina tarehe yake. TPS ya Sudan iliongezwa Januari 2025 kwa miezi 18, inafika 19 Oktoba 2026, na wenye nayo walitakiwa kujiandikisha upya kati ya 17 Januari na 18 Machi 2025. Risiti za mumeo, zote mbili, ni za 6 Machi, kwa hivyo aliwahi na hadhi yake haijaisha.

Picha ulizotuma nimezikuza. Ile kadi iliyopasuka kona imeandikwa A12, ndiyo alama ya kadi ya mwenye TPS, na ile risiti ya I-765, karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mstari wa kati umefutika, nayo imeandikwa A12. Hapo ndo penye jibu lako. Herufi zikikubaliana hivyo, na risiti ikiwa ya kabla ya 22 Julai 2025, ile kadi inajiongeza yenyewe siku 540 kutoka tarehe iliyoandikwa juu yake. Nimehesabu mara mbili, zinafika 11 Oktoba 2026. Mwambie mumeo aende kazini na kadi ya zamani na risiti, zote mbili pamoja, asipeleke moja, aziweke kwenye mfuko wa plastiki asizikunje tena, aombe kuonana na ofisi ya wafanyakazi sio yule meneja peke yake, aseme kwa upole kwamba hii risiti ndio inayoongeza kadi. Sheria ya huko haimruhusu mwajiri kudai karatasi fulani na kukataa nyingine iliyo halali. Wakimkatalia bado, Wizara ya Sheria ya Marekani ina kitengo cha haki za wahamiaji na wafanyakazi, wanapokea simu bure na wanaweza kumpigia mwajiri saa ile ile kumweleza.

Lakini asifikiri mambo ni yale yale akija kuhuisha tena. Sheria ya 4 Julai 2025 imeongeza ada, kuhuisha kadi ya kazi ya mtu wa TPS mwaka ule wa 2025 ikawekewa dola 275 juu ya ada ya kawaida na hizo hazisamehewi hata ukiwa huna kitu, na kadi yenyewe sasa haizidi mwaka mmoja. Halafu ile nyongeza ya siku 540 imeondolewa kwa watu wanaoomba kuanzia 30 Oktoba 2025, kwa hivyo mtu wa TPS sai anategemea lile tangazo linalotolewa kwenye gazeti rasmi la serikali kwa nchi yake. Elfu arobaini na tano zako, kama ungezipata, ni bora zimsubirie huko.

Tarehe ya kuandika ukutani ni 19 Oktoba 2026. Serikali inatakiwa iamue siku 60 kabla, yaani kama tarehe 20 Agosti, kama inaongeza au inafunga. Ikiongeza, atume fomu zote mbili wiki ile ile, asitume I-821 akasahau I-765 manake hapo atabaki na hadhi bila kadi, na akihama nyumba awaarifu ndani ya siku 10 kwa sababu barua ikienda anwani ya zamani ikapotea, shida ni yake. Ikifunga, anarudi kwenye hali aliyokuwa nayo kabla ya TPS, na kama hakuwa na kitu anabaki hivyo. Kwa hivyo asingoje Agosti. Aende kwa wakili mwezi huu aulize kuhusu kuomba hifadhi ya ukimbizi. Kawaida mtu anatakiwa aombe ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, lakini muda aliokuwa na TPS unaweza kuhesabiwa kama sababu ya kuchelewa, na hilo alitetee wakili, asilijaribu peke yake.

Kuja Idi, hapana mwanangu. Najua ni zito na watoto wanamuulizia. Mwenye TPS hatoki bila ruhusa ya safari, anaiomba kwa fomu I-131 na anakuwa nayo mkononi kabla ya kupanda ndege, akitoka bila hio anaweza kuipoteza TPS yote. Na tangu 9 Juni 2025 Sudan iko kwenye orodha ya nchi ambazo watu wake wamezuiwa kuingia Marekani, kwa hivyo hata akipata ruhusa asiondoke bila wakili kuyasoma makaratasi yake. TPS pia haimpi njia ya kukuchukua wewe na watoto, akikwambia mtu kwamba inampa, muulize ni fomu gani.

SWALI: Mjomba mimi ni Mbajuni wa Kismayu, nimeandikishwa Dadaab, niko Matondoni najifunza kutengeneza majahazi. Fundi wangu anataka kuniajiri rasmi lakini anaogopa polisi. Kibali cha kazi cha mkimbizi ni pesa ngapi?
— Kijana wa kalafati, Lamu

JIBU: Hakilipiwi. Kinaitwa Class M, kinatolewa na Uhamiaji wa hapa Kenya, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inakupa haki ya kufanya kazi. Unahitaji kitambulisho cha mkimbizi ambacho hakijaisha, barua ya idara ya wakimbizi ya kukupendekeza, na barua ya fundi wako ikisema kazi gani utafanya. Kama una karatasi ya mwomba hifadhi tu, kesi yako haijaamuliwa, basi Class M bado. Ila kinachonitia wasiwasi ni hio ya Dadaab. Umeandikishwa kambini na uko Matondoni, je una pasi ya safari au ruhusa ya kukaa nje? Kama huna, hapo ndo pa kuanzia kabla ya kibali, na kabla hujapita Mokowe kwenda kokote kwa barabara. Niandikie tena uniambie kitambulisho chako kinaisha lini.