PFX inagoma kufunguka Ubuntu 22.04: nywila haina kosa

Mkuu, umesema .pfx yako (faili moja lililobeba cheti cha seva na ufunguo wake binafsi) inafunguka vizuri Windows kwa nywila ileile, ila ukiipeleka Ubuntu 22.04 inagoma. Kabla hujamsumbua tena aliyekutumia, soma ujumbe wa kosa. Ukiona "Mac verify error: invalid password?", kweli nywila siyo. Lakini ujumbe uliouweka kwenye swali lako una "unsupported" na "RC2-40-CBC", na hapo nywila haina kesi ya kujibu.

Ubuntu 22.04 ina OpenSSL 3.0 (OpenSSL ndiyo programu inayofungua na kutengeneza pfx), toleo la 2021 lililoziweka kando algorithimu za kizamani za usimbaji. RC2 ya biti 40 ni mojawapo, na OpenSSL 1.1.1 pamoja na programu nyingi za enzi hizo ziliitumia kufungia vyeti ndani ya pfx. Haijafutwa, iko stoo tu. Unaiita kwa -legacy:

umask 077
openssl pkcs12 -legacy -in cheti.pfx -nocerts -noenc -out ufunguo.pem
openssl pkcs12 -legacy -in cheti.pfx -clcerts -nokeys -out seva.pem
openssl pkcs12 -legacy -in cheti.pfx -cacerts -nokeys -out kati.pem

Hiyo -noenc ndiyo -nodes ya zamani: ufunguo unatoka bila nywila, ndiyo maana nimeanza na umask, inayozuia wengine kusoma faili mpya, ili asiusome kila mwenye akaunti kwenye seva. Mistari ya "Bag Attributes" utakayoiona juu ya BEGIN iache, haina madhara.

Nginx, programu ya seva ya wavuti, inataka vyeti kwenye faili moja, cha seva kikitangulia na vya kati (vya mamlaka iliyokitoa) vikifuata:

cat seva.pem kati.pem > kamili.pem

Ukigeuza mpangilio utaambiwa "key values mismatch", na watu wengi hapo hukimbilia kuomba cheti kipya bure. Hakikisha kwanza kama cheti na ufunguo ni pacha:

openssl x509 -in seva.pem -noout -pubkey | openssl sha256
openssl pkey -in ufunguo.pem -pubout | openssl sha256

Majibu yakifanana, tatizo liko kwenye mpangilio.

Kazini kwetu huwa tunahamisha vyeti pande zote mbili, na safari ya kurudi, kutoka Ubuntu kwenda Windows, ndiyo yenye vituko zaidi. Pfx iliyotengenezwa na OpenSSL 3 hufungwa kwa AES-256, algorithimu ya kisasa zaidi, na Windows Server 2016 ikiletewa hiyo inadai nywila si sahihi. Uongo mtupu, haijui tu kuisoma. Itengeneze kwa -export pamoja na -legacy, itapokelewa.

Halafu kuna aliyekushauri utumie tovuti ya kubadilishia mafaili. Hapana, mkuu. Pfx imebeba ufunguo wako binafsi, na ukishaupakia kwa watu usiowajua huo si wa siri tena. Kama umeshafanya hivyo, omba cheti kingine kwa ufunguo mpya na hiki cha sasa kibatilishwe.

Ukimaliza, piga nginx -t ikague mipangilio kabla ya kureload.