Laptopu au kaunta buku darasani?

Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, umeuliza uingie lekcha na laptopu au kaunta buku. Angalia kozi kwanza. Hesabu, kemia, uhandisi: daftari, bila mjadala. Lekchara akianza kushusha milinganyo ubaoni, kibodi itakuacha ukitafuta alama ya kipeo huku yeye ameshafika mstari wa tatu.

Sheria au historia, laptopu inafaa, ila ina mtego. Kwa kuwa vidole vinakwenda mbio, unanakili kila neno bila kulipitisha kichwani. Watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walilionyesha hilo Marekani mwaka 2014. Waliorudia jaribio lao baadaye walipata tofauti ndogo zaidi kati ya wa laptopu na wa daftari. Ndiyo maana nasema ugomvi wako uwe na kunakili, si na mashine.

Kwenye daftari, piga mstari sentimita 6 kutoka kushoto na mwingine sentimita 5 kutoka chini. Darasani andika kulia tu. Jioni ileile, kushoto weka maswali yanayojibiwa na noti hizo, mfano "Mkataba huu ni batili kwa nini?" Chini weka sentensi mbili za muhtasari kwa maneno yako. Zikikataa kuja, mada hujaielewa. Uliza kabla ya semina. Wakati wa kujisomea, ziba kulia kwa karatasi ujibu maswali. Na tumia peni ya kawaida: masika ya Dar yakilowesha begi, wino wa jeli unasambaa ukurasa mzima.

Ukipiga picha ubao, andika "picha 1" daftarini palepale inapohusika, la sivyo karibu na mtihani hutajua ilikuwa ya nini.

Wa laptopu, ingia na chaji kamili, maana soketi ni za kugombania na umeme hukatika. Kila faili lipe jina lenye msimbo (code) wa kozi, kisha tarehe inayoanza na mwaka, mfano 2025-11-04, mafaili yatajipanga yenyewe. Kinachoua noti zaidi ni flashi ya kuprintia steshenari. Kompyuta za kule zinachomekwa flashi za kila mtu. Kirusi kikiingia, folda zinageuka njia za mkato (shortcut) na mafaili yanafichwa. Peleka flashi yenye PDF hiyo moja tu, nakala nyingine ibaki kwenye barua pepe.

Desa la mwaka jana, yaani noti za waliokutangulia, lifungue baada ya kuandika noti zako, kukagua ulichokosa.