Wiki 5 kwa kifungo kimoja: tuliyoyakuta kwenye tibakazi

Dada, umeuliza mwanao wa miaka 5 akianza tibakazi (occupational therapy, tiba ya kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku) mtarajie nini, na itachukua miezi mingapi. Wangu nimempeleka karibu miaka 2, nikwambie niliyoyaona.

Kwanza jina lisikutishe. Kazi ya mtoto ni kucheza, kula, kuvaa, kuandika, ndizo zinazoshughulikiwa. Siku ya kwanza nilitoka nimenuna. Saa nzima mtaalamu yuko sakafuni na mwanangu, wanakata karatasi na kutunga shanga, huku mimi naulizwa: alitambaa lini, analalaje, nguo gani hataki kuvaa. Nikasema moyoni, michezo hii si hata nyumbani ipo? Kumbe ndio upimaji wenyewe. Aliona kwamba mtoto akikata, mkono wa pili haushiki karatasi, unaning'inia tu. Na akikaa kitini miguu haifiki chini, mwili mzima unahangaika usianguke. Vidole vitapata wapi utulivu wa kuandika? Kitu cha kwanza tulichoambiwa tutafute ni kigoda cha kuwekea miguu.

Halafu vifungo vya shati. Nilikuwa namfunga mimi, asubuhi nani ana muda? Tukafundishwa kuanzia mwisho: nipitishe kifungo nusu tunduni, yeye amalizie kukivuta. Akishaweza hiyo, namwachia na hatua ya kabla yake. Anayemaliza ni yeye kila mara, hata siku mbaya. Kifungo cha kwanza kilitula wiki 5. Tano! Na mwenye kazi ngumu nilikuwa mimi, kukaa kimya huku vidole vinaniwasha nimsaidie.

Hapo ndipo wazazi tunapokosea. Tunampeleka mtoto kama redio kwa fundi, tuje kuichukua ikiimba. Kipindi kimoja kwa wiki peke yake hakifui dafu. Dakika 10 za kila siku nyumbani ndizo zinazomsogeza. Mtaalamu asiyekupa cha kufanya nyumbani, au anayekufungia mlango bila maelezo, muulize. Wetu wa kwanza alikuwa hivyo, tukahama.

Kuhusu miezi: ukikuta anayekuahidi kabla hajampima, chukua mkoba wako uondoke. Wewe uliza lengo. "Aandike vizuri" halipimiki. "Avae shati mwenyewe" unaliona kwa macho. Na zipo wiki atarudi nyuma, hasa akiugua au mkihama nyumba. Wangu aliwahi kuusahau mkasi kabisa baada ya homa, akaurudia ndani ya siku chache.

Siku ya kwanza mpeleke akiwa ameshiba na amelala vya kutosha, kwa nguo zisizoogopa rangi. Nenda na daftari. Na kama kinachomliza asubuhi ni lebo ya nguo shingoni, kiandike, hata kama nyumbani wanasema anadeka. Sisi tuliona aibu kulitaja, tukapoteza miezi tukigombana na mashati.