Vuli nyumbani bila makuu

SWALI: Anti, mimi na mume wangu tunafuata upagani wa kisasa, ile imani ya kuheshimu asili na majira, na tunataka kusherehekea vuli (yaani autumn, siyo mvua za vuli) hapahapa nyumbani na watoto, ila hatujui pa kuanzia. Tupike nini?

JIBU: Anzeni na Mabon jamani, sikukuu ya kushukuru kwa mavuno, ile siku mchana na usiku vinakaribia kulingana, kaskazini mwa ikweta ni kama tarehe 22 au 23 Septemba na kusini ni Machi. Jina lenyewe ni la juzijuzi tu, alilitoa Mmarekani Aidan Kelly miaka ya 1970, lakini kushukuru kwa mavuno kupo tangu na tangu, so msiogope kufanya kwa namna yenu. Mi ningeanza na tufaha: likate kwa upana, siyo kutoka kwenye kikonyo kwenda chini, hapo watoto wataona mbegu zimekaa kama nyota yenye pembe tano, halafu katakata vipande, tia siagi, mdalasini na sukari kidogo, pika moto mdogo mpaka yalainike, mle na mkate mliokanda wenyewe, kila mtu ataje anachoshukuru. Inatosha kabisa! Samhain, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, ikifika, 31 Oktoba kwa walio kaskazini, wekeni sahani moja ya marehemu wenu, na mishumaa mzime kabla ya kulala.