Usinunue darubini ya 6-24x50 kwa ajili ya elki wa Colorado

Ndugu, futa hiyo oda. Umeandika kwamba utatoka Ohio mwezi Oktoba kwenda Colorado kuwinda elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kwa mara ya kwanza, kwamba bunduki yako ni ya risasi za .30-06 uliyopewa na baba mkwe, na kwamba umekwisha kuagiza darubini ya bunduki ya 6-24x50, yaani inayokuza mara 6 hadi mara 24 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 50, kwa sababu uliambiwa kuwa Magharibi ya Marekani watu hupiga mbali. Ukauliza pia kuhusu pete za kuifungia, kuhusu MOA na mil, vile vipimo vya kurekebishia shabaha, na kuhusu viatu. Nilipofika penye 6-24 nilishindwa kuendelea kusoma kwa utulivu, kwa kuwa namba hizo ndizo zilizokuwa juu ya bunduki yangu Oktoba 2019, na dume nililompiga kwa kulenga kupitia darubini hiyo sikumpata.

Najua jinsi ulivyofika hapo, maana sisi tuliojifunza kuwinda Ohio tunatoka mahali pamoja. Huku kulungu wa mkia mweupe hupigwa kwa bunduki za marisau, au kwa zile zenye ganda la risasi lililonyooka bila shingo, na mara nyingi mnyama yuko ndani ya mita mia moja. Bunduki kama hiyo ya .30-06 hairuhusiwi kabisa kwa kulungu wa hapa. Kwa hiyo mtu wa Ohio anayepanga safari ya milimani huanza bila uzoefu wowote wa darubini ya masafa, na yeyote atakayemwambia neno kwa sauti ya kujiamini, atamwamini.

Mimi aliniambia muuzaji wa duka moja ambalo sitalitaja. Nilimweleza kwamba nakwenda Colorado, naye bila kuniuliza nitawinda kwenye miti au kwenye uwanda wa wazi, nitapanda kwa miguu au kwa farasi, nimewahi kupiga umbali gani, akaweka mezani darubini nene kama mkono wa mtoto na kusema, "Huko ukiwa na mara tisa tu, utaishia kuwatazama." Nikalipa. Miaka imepita, na bado nikikumbuka sentensi ile damu inanichemka, kwa sababu mtu yule hakuwa akijibu swali langu. Alikuwa akiuza kitu cha bei ya juu kwa mgeni aliyekuwa na hofu ya kushindwa. Aliniuzia mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nikalibeba mlimani siku nne.

Nalo lilikuwa zito. Darubini ya 3-9x40 ya kawaida ina uzito wa gramu 350 hadi 400 hivi, lakini yangu pamoja na pete zake ilikaribia kilo moja. Katika mwinuko wa mita elfu tatu, ambako hewa ni nyepesi na pumzi ya mtu wa Ohio inakatika kila baada ya hatua ishirini, uzito huo ukiwa juu kabisa ya bunduki unaifanya ipinduke mkononi kila unapoinama kupita chini ya tawi. Hilo lingevumilika. Lililofuata halivumiliki.

Ilikuwa jioni ya siku ya tatu, katika msimu wa pili wa bunduki, kwenye msitu wa taifa wa White River. Mchana kutwa tulikuwa juu ya ukingo tukitazama mbuga za ng'ambo, na nilikuwa nimeizungusha darubini hadi mara 24 ili nione vizuri mteremko wa mbele. Jua lilipozama tukaanza kushuka kupitia miti ya aspeni na kuingia kwenye misonobari minene. Sheria ya Colorado inaruhusu kupiga hadi nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo muda bado ulikuwepo. Rafiki yangu aliyetangulia akasimama ghafla na kuinua kiganja. Upande wa kulia, kama hatua arobaini kutoka kwetu, dume lilikuwa limesimama katikati ya vigogo, likitutazama. Kwa macho matupu nilihesabu ncha tano kwenye pembe moja, na sehemu ile ilidai ncha nne upande mmoja, kwa hiyo alikuwa halali bila shaka yoyote.

Nikainua bunduki na kuweka jicho. Sikuona elki. Niliona ukungu wa rangi ya udongo umejaa duara lote, bila ukingo, bila mguu, bila shingo. Kwa ukuzaji wa mara 24, darubini ya aina ile huonyesha upana wa kama mita moja na nusu tu penye umbali wa mita mia. Kwa hatua arobaini ule upana hupungua ukawa chini ya nusu mita. Mnyama mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili anakuwa ukuta wa manyoya. Isitoshe, kifundo cha pembeni cha kuondoa ukungu nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya ule mteremko wa mbali, kwa hiyo hata manyoya yenyewe hayakuwa wazi. Na duara la nuru linalotoka kwenye lenzi ya jicho, ambalo hupatikana kwa kugawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, lilikuwa milimita 50 kugawa kwa 24, yaani milimita mbili na kidogo, wakati mboni ya jicho la mtu gizani hupanuka hadi milimita tano au zaidi. Jioni ile nilikuwa nikitazama kupitia tundu la sindano.

Nikashusha bunduki, nikashika pete ya ukuzaji, ambayo ilikuwa ngumu kwa baridi, nikaizungusha hadi mwisho wake wa chini. Mwisho wake wa chini ni mara 6. Nikainua tena, na sasa nuru ilirudi, lakini picha bado ilikuwa kipande: ubavu, shina la mti likikata katikati, ubavu tena. Sikuweza kujua kama ninatazama nyuma ya bega au mbele ya paja. Ningekuwa na mara mbili au tatu, ningemwona mnyama mzima, na mti, na nafasi baina yao. Dume akageuza kichwa kama anayetaka kuondoka. Nikajiambia kwamba lile ni bega, na nikafyatua.

Halikuwa bega. Tulikuta damu nyeusi na mabaki ya majani yaliyotafunwa, na kila aliyewahi kuwinda anajua maana yake: risasi ilipita tumboni, nyuma mno. Tukasubiri, tukafuata kwa tochi hadi saa sita usiku, tukarudi alfajiri na kufuata tena mpaka matone yakakoma kwenye mteremko wa mawe. Tulizunguka siku nzima. Mnyama wa kilo mia tatu, ambaye nyama yake bila mifupa ingeweza kufika kilo tisini, na ambayo nilikuwa nimeziahidi familia nne za hapa Columbus kwa ajili ya sikukuu, alikwenda kufa kwa maumivu mahali ambapo hakuna binadamu aliyefaidika naye. Leseni ya mtu asiye mkazi wa Colorado inagharimu mamia ya dola, na mafuta ya gari na likizo bila malipo ni juu yake, lakini hizo ni fedha na fedha nilizipata tena. Ninachoshindwa kukisahau ni yale majani yaliyotafunwa.

Ndiyo maana ninakushika mkono kwa nguvu juu ya jambo moja tu: darubini ya kuwindia huchaguliwa kwa namba yake ya chini. Namba ya chini ikizidi mara 3, iache dukani, hata ikiwa kioo chake ni kizuri kiasi gani na hata ikiwa imepunguzwa bei.

Sasa utaniambia habari ya umbali, kama mimi nilivyomwambia rafiki yangu. Fanya hesabu mwenyewe. Elki aliye mita mia tatu, ukimtazama kwa mara 9, ni kama kumtazama kwa macho matupu akiwa mita thelathini na tatu. Sehemu ya moyo na mapafu yake ina upana unaozidi sentimita thelathini. Je, utashindwa kuliona sinia la wali kwa mita thelathini na tatu? Kinachokosesha watu kwenye mita mia tatu ni risasi kushuka, upepo, na mtikisiko wa mikono, na darubini ya mara 24 haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Mtikisiko ndiyo kwanza inauongeza machoni, kwa sababu ukiwa umetoka kupanda mlima, kila pigo la moyo linaurusha msalaba wa kulengea kutoka bega hadi shingo, nawe unaanza kufyatua kwa kuvizia. Bunduki yako ya .30-06 ikirekebishwa shabaha kwenye mita mia mbili, risasi ya kawaida itakuwa imeshuka sentimita ishirini hadi ishirini na tano ikifika mita mia tatu. Hiyo ndiyo namba ya kuikariri na kuifanyia mazoezi uwanjani. Zaidi ya hapo, kwa safari ya kwanza, usipige, sogea karibu.

Na kusogea karibu ndiko kunakotokea huko hasa. Wakipata msukosuko wa wawindaji wa siku za kwanza, elki huingia kwenye misonobari minene na kwenye miteremko yenye giza, na hapo utakutana nao kwa hatua hamsini au mia, mara nyingi alfajiri au magharibi, na utakuwa na sekunde chache. Wale jamaa wa kwenye video wanaopiga wanyama ng'ambo ya bonde, wamelala juu ya mkeka, bunduki imeegemezwa juu ya vijiguu vyake vya chuma, mwenzao anawasomea upepo, hawakuonyeshi jioni nane walizorudi kambini mikono mitupu, wala mnyama aliyewatokea njiani wakiwa hawajajiandaa. Mimi niliwatazama majira yote ya joto ya mwaka ule na kuamini kwamba nimeona Colorado.

Kwa hiyo nunua 2.5-10x42, au 2-10, au ile 3-9x40 ya miaka yote, kutoka kwa mtengenezaji mwenye dhamana ya maisha, na kwa bajeti uliyotaja ya dola 600 utabakiwa na chenji. Chenji hiyo iongeze kwenye darubini ya mkononi ya 10x42, kwa sababu kutafuta mnyama ni kazi ya darubini ya mkononi. Usitafute kwa darubini ya bunduki hata siku moja. Kila unachokitazama kwa bunduki umekielekezea mtutu, na katika msitu ule kitu kinachosogea kwenye vichaka huenda ni baba wa watu aliyeivua fulana yake ya rangi ya chungwa kwa joto la kupanda, ingawa sheria inamtaka aivae. Mimi nilikuwa nikiifanya kazi hiyo kwa bunduki mchana ule ule, na ndiyo sababu pete yangu ya ukuzaji ilikuwa kwenye 24.

Kuhusu pete za kufungia, jambo hilo nalo linaanzia kwenye lenzi. Lenzi ya mbele ya milimita 50 inadai pete ndefu ili isiguse mtutu, na pete ndefu zinainua darubini mpaka shavu linaachana na kitako cha bunduki. Kichwa kikikosa pa kuegemea, jicho linahangaika kutafuta duara, na sekunde zako zinaisha. Lenzi ya 40 au 42 hukaa chini kwa pete fupi au za wastani, na shavu linatulia. Kaza skrubu kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji wa pete, kisha ukifika Colorado baada ya safari ndefu ya gari, piga risasi tatu kwenye karatasi kabla ya siku ya kwanza ya msimu.

Darubini mpya ikifika, ifanyie jaribio hili nyumbani kabla ya jambo lingine lolote. Hakikisha bunduki haina risasi, ikague chemba kwa macho na kwa kidole, na uielekeze penye usalama. Weka ukuzaji kwenye namba ya chini. Simama ukumbini wakati wa magharibi, taa zikiwa zimezimwa, chagua kitu upande wa pili wa ua, funga macho, inua bunduki begani mpaka shavu likae, kisha fungua macho. Duara zima liwe limejaa nuru papo hapo, na kile kitu kiwe ndani yake chote pamoja na vilivyo kando yake. Ikiwa unalazimika kusogeza kichwa mbele na nyuma kutafuta picha, isogeze darubini kwenye pete zake, si kichwa chako. Rudia mara ishirini kila jioni. Kisha chukua rangi nyeupe ya kupaka kucha ya mkeo, uweke alama nene kwenye pete ya ukuzaji mahali pa namba ya chini, ili ukiwa unatembea msituni uitazame tu na kujua kwamba iko pale. Mimi ninayo alama hiyo kwenye 2.5-10 niliyonunua baada ya safari ile, na kila ninaposimama kupumua ninaitazama.