Hii 7,000 niifanye mbegu ama nilipe karo?

SWALI: Bwana asifiwe mama mchungaji. Mimi nauza omena, hawa samaki wadogo wa ziwa, soko la Kibuye hapa Kisumu, na tangu ziwa lifungwe Aprili wavuvi wasivue omena biashara imelala, stoki niliyokuwa nimeweka ilishaisha. Kijana wangu yuko fomu foo, juzi ametumwa nyumbani, salio ni 18,000 na mimi niko na 7,000 pekee. Nimefunga nikaomba, kimya. Sasa kuna mhubiri ako na mkutano hapa, anasema mwenye shida ya karo atoe pesa yake ya mwisho iwe mbegu, kama mjane wa Sarepta aliyempa nabii Eliya unga wake wa mwisho, na Mungu atajibu kabla mwezi uishe. Shemeji yangu naye anasema niwache kungoja, niende kwa shailoki, hawa wa kukopesha pesa kwa riba. Nikikataa kupanda hiyo mbegu si nimekosa imani? Na mbona Mungu anachelewa hivi? – Mama wa Kibuye

JIBU: Asifiwe sana dadangu. Wacha nianze na ile ya haraka, hiyo 7,000 ipeleke shule.

Najua kuna watu watanikasirikia, lakini naomba ufungue mwenyewe 1 Wafalme 17 uisome yote, usiishie kwa ule mstari unaosomwa wakati wa sadaka. Ni Mungu alimtuma Eliya kwa huyo mama, na mama akapewa neno kabisa kwamba unga hautaisha mpaka siku mvua itanyesha, na kitu huwa hakisemwi ni kwamba Eliya hakuchukua mkate akaenda zake, alikaa hapo, akala kutoka kwa lile pipa moja na mama na mtoto wake siku nyingi, na mtoto alipougua akafa ni Eliya alimbeba juu orofani akamlilia Mungu mpaka uhai ukarudi. Sasa nakuuliza kwa upendo, mkutano ukiisha na kijana bado ako nyumbani, huyo mhubiri atakuwa wapi?

Sikatazi kutoa. Peleka sadaka yako kanisani kama kawaida, hata kama ni shilingi hamsini, kwa shukrani. Lakini Mungu hawekewi deni na mtu, na karo ya mtoto haijawahi kuwa ukosefu wa imani.

Ukiniuliza, andiko lako ni 2 Wafalme 4. Huyo pia ni mjane, mwenye kumdai amekuja kuchukua vijana wake wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza, uko na nini nyumbani? Yuko na mafuta kidogo tu. Anaambiwa aende aazime vyombo kwa majirani, tena visiwe vichache, na mafuta yalimiminika mpaka vyombo vikaisha ndio yakakoma. Kisha Elisha anamwambia auze, alipe deni, yeye na watoto waishi na kinachobaki, na hakuna mahali imeandikwa nabii aliomba hata tone. Mimi hapo huwa nasimama sana. Muujiza ulianza na mama kubisha milango ya watu na vyombo vitupu, na hiyo dadangu inataka ushinde aibu kwanza. Umeniandikia mimi, lakini bursa, yule wa kupokea karo shuleni, umemwambia? Watu wa chama chako cha kuchangiana wanajua?

Ya shailoki nitasema haraka, wachana nayo. Shemeji anakupenda, lakini ile riba ya kila mwezi itakukuta bado ziwa halijafunguliwa na watakuja kubeba vitu vya nyumba.

Sasa hii ya kuchelewa. Yusufu alikuwa na miaka 17 wakati mambo yake yalianza kuharibika, na 30 aliposimama mbele ya Farao, na hapo katikati akiwa jela alimwomba mnyweshaji wa Farao amkumbuke, akasahaulika miaka miwili mizima. Tunapenda kuhubiri ati angetoka mapema angerudi kwao Kanaani na Farao angeota bila mtu wa kumfafanulia. Ni kweli. Lakini sisi tunasoma tukijua mwisho, Yusufu ndani ya jela hakuwa na hiyo sura ya 41 ya Mwanzo, pale anatolewa. Kwa hivyo sitakudanganya ati najua mbona wewe unangojeshwa, sijui, na nikikuona nitalia na wewe kabla niseme kitu. Ninachojua ni kwamba huo ukimya haujamaanisha ameondoka. Wewe unajua kuliko mimi, kutoka Aprili mpaka mwisho wa Julai maji yanaonekana hayana kitu na kumbe huko chini omena wanazaana, na wavuvi hawalali hiyo miezi yote, wanashona nyavu.

Basi Jumatatu asubuhi enda shule na kijana mkononi, lipa 7,000 yote, uombe bursa akuandikie salio ulipe pole pole mpaka Agosti omena ikirudi, na mwalimu mkuu ukimpata mwambie ukweli wa biashara yako bila kuficha. Ukitoka hapo pitia kwa chifu na ofisi ya wadi uulize basari, msaada wa karo, ya CDF (hazina ya eneo bunge) na ya kaunti, kama fomu hazijatoka wakuambie zinatoka lini, na kama kuna mahali inahitaji sahihi ya kiongozi wa dini mwambie pasta wako, hiyo ni kazi yake. Jioni ya Jumapili ongea na wamama wa chama. Mimi nimeweka shida yako kwa maombi yetu ya Jumatano, na uniandikie tena vile bursa atasema.