Mgonjwa wa bega lililochongwa mfupa: soma kwanza ripoti ya thieta

Wadogo zangu mnaoanza intern kwenye fizio, mgonjwa wa bega aliyetoka oparesheni usimguse mkono kabla hujasoma ripoti ya thieta, na siyo ile barua ya rufaa, namaanisha ripoti yenyewe ya daktari wa mifupa. Ikikosekana kwenye faili piga simu wodini, mgonjwa akae asubiri tu.

Maana mgonjwa anakwambia "nimechongwa mfupa" basi, na hapo kuna mambo tofauti kabisa. Kuna aliyechongwa chini ya akromioni, ule mfupa ulio kama paa la bega, ili kano zinazopita chini yake zipate nafasi. Kuna aliyekatwa ncha ya mtulinga pale unapokutana na akromioni, mara nyingi ni milimita 5 mpaka 10 hivi. Halafu kuna ambaye humohumo kashonwa kano iliyochanika, na huyu ndo wa kuwa naye makini sana! Aliyechongwa mfupa tu kwa kawaida anaanza kuchezesha mkono mapema, siku za mwanzo kabisa, ila aliyeshonwa kano akiinua mkono kwa nguvu zake mapema ile kano inaweza kuachia, madaktari wengi wanamzuia kama wiki 6, wewe fuata alichoandika aliyemfanyia.

Zoezi la kuning'iniza mkono wengi mnalifundisha vibaya. Mgonjwa aegemee meza kwa mkono mzima, ainame, mkono mbovu uning'inie umelegea, kinachoyumba ni kiwiliwili na mkono unafuata wenyewe. Ukiona bega linapanda kuelekea sikioni ujue anakaza, msimamishe muanze upya. Na aliyekatwa mtulinga usimvutie mkono kifuani kwenda bega la pili wiki za mwanzo, ndo panapouma hasa.

Kingine, utafiti wa Uingereza uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018 ulilinganisha waliochongwa akromioni na walioingiziwa kamera tu bila kuchongwa kitu, na tofauti ya maumivu haikuwa ya kumfaidisha mgonjwa, Wafini nao mwaka huohuo wakapata majibu kama hayo. Hauhusu mtulinga wala kano iliyochanika kabisa, lakini kwa mgonjwa wa kano kubanwa anayesubiri zamu ya thieta mpe mazoezi ya kueleweka kwa miezi kadhaa, umfuatilie, usimpe karatasi yenye picha ukamwambia akafanye nyumbani.